Jumamosi za Mwalimu Luzi

Jumamosi ya kwanza baada ya Mwalimu Luzi kurudishwa kwao Ufilipino, Silvana alimkuta stendi ya Sumbawanga saa moja asubuhi, amekaa kwenye benchi la Rosina muuza chai, begi lake la kijani liko magotini na shingo ameizamisha ndani ya sweta kwa sababu ya baridi. Alikuwa amekwisha kuagiza chai mbili za tangawizi na chapati tatu. Ile ya tatu waligawana siku zote.

"Umechelewa," alisema Luzi.

"Nilikuwa nafua," alisema Silvana, akakaa.

Rosina alimwongezea Silvana sukari bila kuulizwa. Alikuwa amesikia, kama mji mzima ulivyosikia, kwamba yule Mfilipino wa sekondari alichukuliwa na gari Jumatano na kupandishwa ndege Ijumaa. Lakini mteja akikaa kwenye benchi hupewa chai.

Siku hiyo waliteremka bondeni hadi Ilemba, kwa sababu Luzi alitaka joto. Walitembea kando ya majaruba ya mpunga, Luzi akawaeleza kinamama jinsi kwao wanavyopandikiza miche, kinamama wakamcheka, halafu mmoja akajaribu. Jioni, gari lilipokuwa linapanda kurudi mjini, saa moja ilitimia na kiti cha Luzi kikawa kitupu. Begi nalo halikuwepo. Konda alipopita aliona nafasi, na mbele kidogo akampakia mtu mwingine. Silvana alifika nyumbani akalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu Jumatano.

Jina kamili la Luzi lilikuwa Luzviminda. Siku alipotambulishwa mstarini, miaka miwili nyuma, Mkuu wa Shule, Mwalimu Romani, alijaribu kulitamka mara mbili, akakohoa, akasema, "Huyu ni Mwalimu Luzi," na mambo yakaishia hapo. Wanafunzi walimwita Mchina. Akawachorea ramani ya kwao ubaoni, visiwa juu ya visiwa mpaka kipande cha chaki kikaisha, na wiki iliyofuata wakaendelea kumwita Mchina, ila kwa heshima. Alifundisha Hisabati. Alikuwa ameletwa na shirika la walimu wa kujitolea.

Silvana, mwalimu wa Baiolojia, naye alikuwa wa kujitolea, lakini si kwa namna ile. Luzi alijitolea akiwa na mkataba, nyumba na bima. Silvana alijitolea kwa sababu alikuwa na shahada na ajira haijatoka, na mtu anayengojea ajira huku ameshika chaki ameitwa hivyo tangu zamani. Alikuwa mwaka wa sita. Kila mwaka Mkuu aliandaa orodha ya walimu wa namna yake ili aipeleke halmashauri, na kila mwaka ajira zilipotangazwa Silvana alitafuta jina lake kwenye simu, akishusha kurasa kwa kidole gumba mpaka mwisho. Halafu alikwenda kufundisha.

Walizoeana kwa sababu ya jiko. Wiki ya kwanza Luzi aligonga mlango wa Silvana, uso umejaa masizi, akauliza mkaa unawashwaje, kwani yeye alikuwa ameteketeza boksi zima la viberiti. Silvana alimwashia. Wakala pamoja. Wikiendi iliyofuata wakaenda Kabwe, na huko, Luzi alipoona dagaa wameanikwa mchangani kando ya ziwa, alikaa chini akalia, kwa sababu harufu ilikuwa ya nyumbani kwake. Alipomaliza kulia akanunua mfuko mzima, na tangu hapo alikula dagaa kwa wali asubuhi na mapema, jambo lililowashinda Wafipa wote waliolishuhudia. Walikwenda pia maporomoko ya Kalambo, wakapanda milima ya Mbizi, wakarudi Kabwe. Silvana, aliyezaliwa Ufipa, hakuwa amefika nusu ya sehemu hizo. Nani angempeleka, na kwa sababu gani? Ilibidi aje mgeni ili mwenyeji naye atembee.

Lakini sehemu waliyokwenda zaidi ilikuwa Msanzi, kwa Mama Kristiana, mama yake Silvana, na huko ndiko Luzi alikojifunza kusindikizwa. Katika ukoo wao, ukoo wa Mboje, mgeni akiondoka mwenyeji hubeba mzigo wake na kutembea naye mpaka mahali ambapo moshi wa nyumba aliyotoka hauonekani tena. Hapo mgeni hukabidhiwa mzigo, hugeuza uso aendako, na ndipo huhesabiwa kwamba ameondoka. Kabla ya hapo hajaondoka, hata awe ameaga mara kumi. Kwenye nchi ya misitu hiyo ingekuwa kazi ya dakika tano. Ufipa ni nyasi tupu hadi upeo wa macho, na moshi wa nyumba moja huonekana kutoka kijiji cha pili na wakati mwingine cha tatu, kwa hiyo kwa akina Mboje mtu mwenye haraka hatembelei. Mara ya kwanza Luzi alisindikizwa kwa saa tatu. Alisema kwao mtu huagwa mlangoni, akaona haya kidogo kwa ajili ya kwao.

Jumatano ile ya Februari gari jeupe la shirika liliingia shuleni saa nne asubuhi. Wafadhili walikuwa wamejitoa, na walimu wote wa kigeni walitakiwa kurudi makwao wiki hiyohiyo. Luzi alipewa dakika arobaini afungashe. Silvana alikuwa anasimamia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na kupitia dirishani alimwona rafiki yake akitoka na sufuria, akiirudisha ndani, akitoka nayo tena. Alikwenda mlangoni. Mkuu alikuwa amesimama pale, mikono nyuma.

"Madam, mtihani haujisimamii," alisema Mkuu. "Na majina yenu nayapeleka Ijumaa. Nisingependa uniharibie."

Miaka sita ni mingi. Silvana alirudi mbele ya darasa akakaa. Honi ilipigwa mara tatu, ikanyamaza kwa muda mrefu, ikapigwa mara moja. Akajisemea moyoni: Jumamosi nitamsindikiza vizuri. Alijua fika kwamba Jumamosi Luzi atakuwa ng'ambo ya bahari. Lakini alijisemea hivyo kwa moyo wake wote, na Jumamosi Luzi akaja.

Akaja na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Machi walikwenda Msanzi, wakati nyasi zimerefuka na watu wanapiga matuta ya mviringo, yale ambayo majani hufukiwa chini yaoze, yapandwe maharage, na mwaka unaofuata yasambazwe kwa ajili ya ulezi. Mama Kristiana aliwaona wakikata kona akaacha jembe.

"Shikamoo mama," alisema Luzi.

"Marahaba mwanangu." Mama Kristiana alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Hujasindikizwa wewe."

"Bado, mama."

"Basi shika jembe."

Luzi alipiga matuta kumi na moja siku hiyo, na yalikuwepo bado Jumapili na Jumatatu, mabaya kidogo kuliko ya wenyeji lakini matuta. Alipotoweka saa moja jioni, jembe lilianguka, Mama Kristiana akaliokota akaliingiza ndani lisilowe. Kisha akamwambia binti yake kwamba mgeni hafugwi. Silvana akasema amesikia. Alikuwa na furaha, na hakutaka kusikia.

Habari zilimfikia Mkuu mwezi Aprili. Alimwita Silvana ofisini.

"Naambiwa Mwalimu Luzi huwa yupo Jumamosi."

"Yupo, Mkuu."

"Kama yupo, kidato cha nne wana vipindi vya ziada Jumamosi. Aje afundishe. Watoto ni wetu sote."

Silvana alifikisha ujumbe. Luzi alimaliza kwanza kutafuna. "Mwambie mkataba wangu umeisha," alisema, akanywa chai. Silvana aliitamani sana sentensi hiyo. Siku mbili tatu baadaye, njiani peke yake, aliijaribu mdomoni, lakini yeye hakuwa na mkataba wa kuisha. Vipindi vyote vya Hisabati vya katikati ya wiki vilikwisha kuwa vyake.

Siku nyingine za wiki waliongea kwa simu. Luzi wa kwenye simu alikuwa kwao Iloilo, anafundisha shule ya karibu na nyumbani, anaishi na mama yake mzazi na binti yake, Ligaya, mwenye miaka tisa. Hakujua lolote kuhusu Jumamosi. Silvana alipotaja Ilemba au matuta, Luzi wa kwenye simu alisema, "Natamani ningekuwepo." Silvana alijifunza kutotaja.

Julai Luzi alisema anaumwa.

"Jumamosi siamki," alisema. "Siku nzima, mpaka saa sita usiku. Ligaya anakaa kitandani kwangu, ananipaka maji usoni. Jumapili naamka nimechoka na miguu ina udongo na mbegu za majani. Mama anafua mashuka kila wiki."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nipunguze kazi."

Saa sita usiku ya Iloilo ni saa moja jioni ya Sumbawanga. Silvana alisema pole, akakata simu, akalia mpaka kichwa kikamuuma. Kwa miaka miwili yule mtoto alimkosa mama yake kila siku, na sasa alimkosa Jumamosi tu, lakini Jumamosi ndiyo siku ambayo mtoto wa shule huwa na mama. Silvana alilijua hilo. Tusimpambe: alilijua, na Jumamosi iliyofuata alikuwa stendi saa moja kasoro. Alikwenda Agosti yote. Alikwenda Septemba. Alijiambia wiki ijayo, na wiki ilipokuja alijiambia ijayo. Hakuwa na rafiki mwingine, na mtu aliyengoja miaka sita kitu kisichokuja haachii kirahisi kile kinachokuja chenyewe na kuagiza chai.

Oktoba, siku ya Jumapili, simu ililia.

"Jana Ligaya alipokea komunyo ya kwanza," alisema Luzi. "Alivaa gauni jeupe nililomchagulia kitambaa mimi. Alinisubiri mlangoni mwa kanisa mpaka padre akamwambia aingie. Mimi nililala, Silvana. Haniulizi kitu. Ndicho kinachoniuma."

Jana yake walikuwa Mbizi, wamekaa juu ya jiwe, wanakula viazi vya kuchoma na kucheka mpaka Luzi akapaliwa.

Silvana alipanda gari jioni hiyohiyo kwenda Msanzi, akamweleza mama yake yote, pamoja na miezi mitatu aliyokaa kimya. Mama Kristiana alimsikiliza huku anapeta ulezi. Hakumgombeza. "Mlete Jumamosi," alisema. "Na mje mapema, njia ni ndefu."

Jumamosi hiyo, nyumbani Msanzi, Luzi alielewa pale Silvana alipoinuka kwenye kigoda, akalichukua begi la kijani na kulivaa yeye mgongoni.

"Leo?" aliuliza.

"Leo, dada."

Luzi alitazama chini, akatikisa kichwa kukubali. Mama Kristiana alimfungia unga wa ulezi kwenye kitambaa, akamshika mashavu yote mawili. "Nenda mwanangu, mtoto anakungoja," alisema, akaingia jikoni kuchochea moto, ili moshi uonekane kama inavyotakiwa. Ilikuwa saa nne.

Walifuata njia ya mashambani. Mwanzo waliongea kama kawaida, juu ya wanafunzi, juu ya Rosina anayetia sukari nyingi. Kila baada ya muda Silvana aligeuka kutazama. Moshi ulikuwepo. Walipita kijiji cha kwanza, wazee waliokuwa kibarazani wakawauliza, "Mnasindikizana?" Wakajibu ndiyo. "Moshi bado?" Silvana akasema bado, na mzee mmoja akasimama akaweka kiganja juu ya macho, akathibitisha kwamba bado.

Saa saba moshi ulikuwa mnene kuliko walipoondoka.

"Mama anapika nini?" aliuliza Luzi.

"Hapiki kitu."

Wakasimama wote wawili wakitazama. Ulikuwa moshi mweupe mzito, wa majani mabichi ya mkaratusi juu ya kuni kavu, unapanda wima kwa sababu hakukuwa na upepo. Mama Kristiana, ambaye ndiye aliyesema mgeni hafugwi, alikuwa anachochea. Silvana hakujua acheke au akasirike. Wakaendelea kutembea, na kwa sababu ya moshi ule walipata kijiji cha pili, na mto, na kilima kimoja walichokipanda polepole bila sababu.

Saa kumi rangi ilibadilika ikawa nyeusi. "Hicho ni kigoda cha marehemu baba," alisema Silvana. Halafu ukaja wa kijivu, kidogo, wenye harufu ambayo wasingeweza kuisikia kwa umbali ule lakini waliisikia. Halafu ukaanza kupungua.

"Kuna jambo sijakuambia," alisema Luzi. "Sikutaka kuharibu Jumamosi zetu."

Silvana alipunguza mwendo.

"Siku ile ya gari, Mkuu alinipa karatasi niandike kwamba nimerudisha funguo za nyumba. Unamjua, kwake karatasi hazitupwi. Nilipoigeuza, upande wa pili ilikuwa orodha yenu. Majina saba, lako la pili, na mhuri umekwisha kupigwa. Tarehe ya mwaka juzi. Kwenye droo zilikuwepo nyingine za nyuma, amezikata katikati, za kuandikia."

"Zote hazikupelekwa?"

"Nilizoziona."

Walitembea hatua nyingi. Mbele yao nyasi zilikuwa zimechomwa na ardhi ilikuwa nyeusi mpaka mwisho wa macho.

"Ungeniambia kwenye simu," alisema Silvana.

"Kwenye simu nisingekuona uso."

Basi ndicho kilichomkalisha kwenye kiti siku ile honi inalia: karatasi ya kuandikia funguo. Silvana aliliona jambo hilo lote kwa mara moja, na lilimuuma kiasi kwamba alishika kamba za begi kwa mikono miwili. Alimwomba Luzi msamaha. Luzi alisema alikwisha kumsamehe zamani, tangu kwenye gari, na kwamba hakuja Jumamosi zote hizo kwa sababu ya kinyongo. Alikuja kwa sababu alikuwa hajaondoka.

Silvana aligeuka. Anga la nyuma lilikuwa tupu. Alisubiri, akihesabu mpaka mia, akaanza upya, lakini hakuna kilichopanda tena. Akalivua begi mgongoni. Lilikuwa limempashia joto sehemu ile, na baridi iliingia hapohapo. Alimvisha Luzi, akamwekea kamba sawasawa mabegani, akamfunga na kifungo cha juu cha sweta.

"Msalimie Ligaya."

"Nitasahau," alisema Luzi. "Lakini salamu nitampa."

Akageuza uso aendako. Mahali pengine angepotea nyuma ya mti au kona. Hapo hapakuwa na mti wala kona, wala majani, na Silvana alimwona kwa muda mrefu sana, akizidi kuwa mdogo, begi la kijani likibaki nukta, mpaka jua likazama na pasiwe na kitu.

Alipofika nyumbani ilikuwa usiku wa manane. Mama Kristiana alikuwa amekaa mbele ya mafiga yaliyopoa. Kuni zote za masika, alizokuwa amezipanga ukutani tangu Juni, zilikuwa zimekwisha. Viliungua na vigoda viwili, mpini wa jembe la zamani, na mlango wa banda la kuku. Kuku walikuwa wamelala ndani ya nyumba.

"Nilichelewa kuuacha moto," alisema.

"Tuliona, mama."

Walikula ugali uliolala. Wiki hiyo mvua za kwanza zilinyesha, na Mama Kristiana akapikia magunzi yaliyolowa mpaka Krismasi, macho yanamtoka machozi, na majirani walipomuuliza alisema alikuwa na mgeni.

Jumamosi iliyofuata Silvana alikwenda stendi saa moja. Rosina alimletea chai moja na chapati moja, akaondoka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Saa mbili picha iliingia kwenye simu: Luzi na mtoto mwembamba mwenye pengo wamekaa kwenye ukuta kando ya bahari, wamekumbatiana, wamefumba macho kwa sababu ya jua. Chini yake Luzi ameandika kwamba amepona, ameamka alfajiri, na Ligaya hataki kumwachia mkono. Halafu akauliza: Na wewe, Jumamosi zako huwa unakwenda wapi siku hizi?

Silvana alitazama swali hilo mpaka chai ikapoa. Akaandika: Nipo tu.

Jumatatu Mkuu alimkuta ofisi ya walimu anasaini daftari, kwenye ukurasa wa mwisho, ambako walimu wa kujitolea husaini.

"Madam, majina yanatakiwa tena," alisema. "Safari hii nimeanza na wewe."

"Yale ya nyuma yalifika, Mkuu?"

"Yalifika, yalifika. Mambo haya ni taratibu."

Silvana alimtazama. Alikuwa na maneno, na yalikuwa ya kweli yote. Alikuwa pia na miaka sita ya kungoja, na mama anayepikia magunzi, na hakukuwa na shule nyingine iliyokuwa inamngoja.

"Asante, Mkuu," alisema.

Kengele ililia. Alichukua chaki, akachukua na kitabu kingine zaidi ya kile cha Baiolojia, akavuka uwanja kwenda kidato cha tatu. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha Hisabati, na hapakuwa na mtu mwingine wa kukifundisha.